Kusoma jina la gitaa na kuchungulia fito zake: mwongozo kamili kwa wapigaji wa Lubumbashi

Ndani ya tundu la gitaa kuna kibandiko, na juu yake herufi na tarakimu: D-28, 000-15M, FG800, 214ce, CD-60S. Wauzaji wengi wa Lubumbashi, wawe wa katikati ya mji au wa soko la mtaa wa Kenya, husoma jina lililo kichwani tu kisha wanataja bei kwa dola. Jina la kichwani linataja kampuni. Zile herufi za ndani ndizo zinazotaja umbo na mbao. Kuna na jambo la tatu, ambalo mara nyingi halikuandikwa popote: jinsi fito za chini ya ubao wa juu zilivyopangwa.

Naandika haya kwa sababu namwona mpigaji wetu wa mtindo wa Katanga, yule anayetumia dole gumba na kidole cha shahada, akiuziwa karibu kila mara gitaa kubwa la umbo la D, kwa hoja kwamba gitaa kubwa lina sauti kubwa. Kama kazi yako ni kukwangua nyuzi zote sita nyuma ya korali ya watu arobaini, hoja hiyo ina ukweli. Kama unafuata mkono wa Mwenda Jean Bosco, Losta Abelo au Edouard Masengo, gitaa dogo lenye fito nyepesi litakufaa zaidi, na mara nyingi bei yake ni ileile.

Fito zinafanya kazi gani

Ubao wa juu wa gitaa la nyuzi za chuma una unene wa milimita 3 hivi. Nyuzi za saizi ya 12 (uzi mwembamba kuliko yote una unene wa inchi 0.012), zikikazwa kwa tuni ya kawaida, zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ubao mtupu ungekunjika. Kwa hiyo fundi anabandika upande wa ndani vipande vyembamba vya mbao, na hivyo ndivyo ninavyoviita fito. Kila ufito unaongeza nguvu, na kila ufito unauzuia ubao kutikisika. Fito zikizidi, gitaa linadumu miaka mingi lakini sauti yake inabaki tumboni. Zikipungua mno, linalia vizuri siku za mwanzo, halafu daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya ubao, linaanza kuinuka.

Mhispania Antonio de Torres alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na pande za karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi, ubao wa juu peke yake ukiwa wa mbao nzuri yenye fito zake. Alitaka kuonyesha sauti inatoka wapi. Ukifika dukani ukumbuke jaribio hilo: chunguza ubao wa juu na fito zake kabla ya kuvutiwa na mgongo unaong'aa.

Hatua ya kwanza: soma jina sehemu kwa sehemu

Tuanze na Martin, kwa sababu kampuni nyingi zimeiga mpangilio wake. Ni kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1833. Jina lake lina pande mbili zilizotengwa na kistari. Upande wa kushoto ni umbo, upande wa kulia ni mbao na urembo.

Umbo: 0, 00, 000, OM, D, J. Sifuri zikiongezeka, tumbo linapanuka. Sehemu ya chini ya tumbo, pale penye upana mkubwa, gitaa la 0 lina milimita 343 hivi, 00 lina 364, 000 lina 381, D lina 397 na J lina 406. Tofauti kati ya 000 na D inaonekana ndogo kwa upana, lakini D ina kiuno kinene na tumbo refu zaidi kwenda nyuma, ndiyo maana besi yake inajaa chumba. Herufi D ni ya dredinoti, jina lililochukuliwa kwa meli ya kivita ya Uingereza, Dreadnought, ya mwaka 1906.

OM na 000 zina mwili mmoja, na wengi wanazichanganya. Zinatofautiana kwenye urefu wa uzi kutoka kokwa (kipande chenye mifuo ya nyuzi mwishoni mwa shingo) hadi daraja: OM milimita 645, 000 milimita 632 kwa kawaida. Uzi mfupi una mkazo mdogo zaidi, yaani vidole vinaubonyeza kwa urahisi na sauti inakuwa laini. Uzi mrefu unajibu kwa ukali na unabaki wazi hata ukipiga kwa nguvu.

Upande wa kulia: 15 kwa kawaida ni mahogani tupu, juu hadi mgongo. 18 ni sprusi (mbao laini ya jamii ya msonobari) juu, mahogani mgongoni. 28 ni sprusi juu na palisanda, mbao ngumu na nzito, mgongoni. 35 ni palisanda pia, ila mgongo wa vipande vitatu. 42 na 45 ni palisanda yenye urembo wa kombe la baharini, na hapo unalipia urembo zaidi ya sauti. Kwa hiyo 000-18 na D-18 zina mbao zilezile katika miili miwili, na D-18 na D-28 zina mwili mmoja kwa mbao mbili. Mahogani hutoa sauti kavu yenye kila noti mahali pake. Palisanda hutoa besi nzito na mlio wa juu unaong'aa, katikati pakibaki wazi kidogo.

Herufi ndogo zinazofuata ni rahisi: C ni mwili uliokatwa begani ili mkono ufike freti za juu, E ni gitaa lenye mashine ya kuunganisha na spika. Magitaa ya Martin yenye X katika jina, kama LX1, yana mgongo na pande za karatasi iliyoshindiliwa na resini. Wengi wanayadharau. Mimi siyadharau kwa mtu anayesafiri Likasi, Kolwezi na kurudi msimu mzima, maana mgongo huo haujali jua wala unyevu.

Gitaa la Martin la kweli lina pia jina na namba zilizogongwa kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo kwa ndani. Ingiza mwanga kwenye tundu, tazama kuelekea shingoni. Namba zimegongwa hapo tangu 1898, na jina la modeli tangu 1930. Ukikuta kibandiko cha D-28 na kipande hicho kitupu, rudisha gitaa mahali pake.

Yamaha ndiyo utakayokutana nayo zaidi hapa. FG ni mwili mkubwa wa aina ya dredinoti. Safu hiyo ilianza 1966. FS ni mwili mdogo. X ikiingia, FGX au FSX, gitaa lina umeme. FG800, FG820 na FG830 zina ubao wa juu wa namna moja na fito za namna moja; zinatofautiana mgongo. Kama fedha ni kidogo, 800 inatosha kabisa, usijinyime chakula kwa ajili ya 830. F310 ni jambo lingine: inafanana na FG kwa macho, lakini ubao wake wa juu ni tripleksi, yaani matabaka membamba ya mbao yaliyogundishwa. C40 ni gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni, nalo nitalirudia.

Taylor inatumia tarakimu tatu. Ya kwanza ni daraja la ubora na mbao: 100 na 200 zina mgongo wa tripleksi na juu mbao nzima, kuanzia 300 kwenda juu kwa kawaida ni mbao nzima pande zote. Ya pili inaeleza idadi ya nyuzi na aina ya ubao wa juu: 1 ni nyuzi sita na mbao laini kama sprusi, 2 ni nyuzi sita na mbao ngumu kama mahogani, 5 na 6 ni nyuzi kumi na mbili. Ya tatu ni umbo: 0 dredinoti, 2 umbo dogo, 4 umbo la kati, 7 na 8 makubwa. Sasa 214ce unaisoma mwenyewe.

Kwa Fender, ile S ya mwisho katika CD-60S inamaanisha juu ni mbao nzima. CC badala ya CD ni mwili mdogo. Gibson haina mpangilio wa kukariri: J-45 iliitwa hivyo ilipotoka 1942 kwa sababu J ni mwili mkubwa na bei yake ilikuwa dola 45.

Hatua ya pili: mbao nzima au tripleksi

Neno la kutafuta kwenye karatasi ya gitaa ni "solid", au kwa Kifaransa "table massive". Wakiandika "select spruce", au "sprusi" tu bila neno lingine, chukulia kuwa ni tripleksi.

Bila karatasi, tumia jicho. Tazama ukingo wa tundu la sauti, pale ubao ulipokatwa. Mistari ya mti inayoonekana juu ikiendelea kushuka kwenye ukingo hadi chini, ni mbao nzima. Ukiona matabaka yaliyolala, ni tripleksi. Wengine hufunika ukingo kwa rangi nyeusi au plastiki. Hapo chungulia kwa ndani, uone kama mistari ya chini inalingana na ya juu.

Tripleksi haizeeki vizuri kwa sauti, lakini inavumilia. Kwa mtoto anayeanza, au gitaa linalolala chini ya benchi la kanisa, naishauri bila kusita. Ila usiilipe bei ya mbao nzima.

Hatua ya tatu: zijue aina za fito

Fito za ngazi ndizo za zamani na rahisi zaidi. Zinapita kwa mlalo, kutoka pande hadi pande, moja chini ya nyingine. Sauti yake inatoka haraka, kavu, imejaa katikati, na inakatika mapema. Wengi wamefundishwa kwamba ni fito za magitaa ya bei rahisi, na ni kweli kwamba zilijaa katika magitaa hayo. Lakini sikiliza kinachotokea ukipiga kwa vidole viwili: noti ya besi inasema na kunyamaza, ikiachia nafasi noti ya kidole cha shahada. Gibson ilitoa mfano mzuri miaka ya 1940: LG-1 na LG-2, mwili uleule, moja ikiwa na fito za ngazi na nyingine za X. Aliyezisikia pamoja hawezi kuzichanganya.

Fito za feni ni za magitaa ya nailoni. Zinaanzia karibu na tundu na kufunguka kuelekea chini, mara nyingi saba, kwa mpangilio alioustawisha Torres. Ni nyembamba sana, kwa sababu nyuzi za nailoni zinavuta takriban kilo 40 tu.

Fito za X zilitumika Marekani tangu miaka ya 1840, wakati nyuzi zilikuwa bado za utumbo wa mnyama. Nyuzi za chuma zilipoenea, mwanzoni mwa karne ya 20, ikaonekana kuwa X inaubeba mzigo huo vizuri kuliko mpangilio mwingine uliokuwapo. Fito mbili ndefu zinakatiza kati ya tundu na daraja. Chini yake kuna fito mbili za mshazari, na pembeni vijifito vifupi. Sauti inadumu, besi inashuka, nyuzi zote zinachanganyika.

Ndani ya X kuna mambo mawili ya kutazama, na hapa ndipo magitaa mawili yenye umbo moja yanapoachana.

La kwanza ni uchongaji. Ufito ulionyooka una kimo karibu sawa hadi unapoishilia. Ufito wa mabonde umechongwa ukabonyea katikati ya safari yake, kisha ukainuka tena kabla ya ncha. Mbao imetolewa pale ambapo ubao unahitaji kutikisika. Martin iliacha kuchonga mabonde mwishoni mwa 1944, kwa sababu wapigaji walikuwa wakifunga nyuzi nzito na magitaa yakirudi yamevimba. Mabonde yalirudi mwaka 1976 kwenye HD-28. Yamaha za FG800 nazo zina mabonde, na kwa gitaa la bei hiyo ni jambo la kusifu. D-35 ilifuata njia nyingine tangu 1965: fito zake zina unene wa milimita 6 hivi, wakati za D-28 zilikuwa karibu 8, na besi yake inasikika imelegea na kushuka zaidi.

La pili ni mahali X inapokatizia. Ikisogea karibu na tundu, umbali wa milimita 25 hivi, daraja linabaki na uwanja mpana wa kutikisika, besi inakua. Ikirudi nyuma kuelekea daraja, ubao unakuwa imara na sauti inabana. Martin waliirudisha nyuma mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 2017 wakaisogeza mbele tena kwenye D-28. Maana yake D-28 ya mwaka 2005 na D-28 ya 2018 zina jina moja na fito tofauti. Usiagize kwa jina tu. Uliza na mwaka.

Taylor ilileta mwaka 2018 mpangilio wa V, kazi ya fundi wao Andy Powers. Fito mbili ndefu zinaanzia chini ya gitaa na kupita pande mbili za tundu, zikiupa ubao ugumu kwa urefu na ulaini kwa upana. Noti za juu za shingo zinadumu na kukaa katika tuni. Ni magitaa ya bei, na kwa mtindo wetu sioni sababu ya kuyakimbilia.

Hatua ya nne: chungulia mwenyewe

Legeza nyuzi zote sita. Zitenge tatu huku, tatu kule. Washa taa ya simu na video, kamera ya mbele, kisha iteremshe simu ndani ya tundu, kioo kikitazama juu. Kama simu ni pana, tumia kioo kidogo cha kujipodoa na taa ya simu nyingine. Zungusha taratibu.

Tafuta kwanza makutano ya X, au ukose X na kukuta ngazi. Kisha fuata kila ufito hadi ncha. Mstari mweusi kati ya ufito na ubao ni dalili kwamba gundi imeachia. Hakikisha kwa kipande cha karatasi nyembamba. Karatasi ikiingia, ufito umeachia. Mwishowe tazama kibao kilicho chini ya daraja: vichwa vya nyuzi vikae juu ya mbao nzima, visiwe vimechimba mashimo.

Ufito ulioachia si kifo cha gitaa. Gundi ya mbao nyeupe, kabari, na saa ishirini na nne za kusubiri vinatosha, mradi fundi asitumie supaglu, inayokauka kabla ufito haujakaa sawa.

Hatua ya tano: lipige kwa mkono wako

Muuzaji atakukwangulia G kubwa na gitaa lolote litapendeza. Wewe kaa, shika C, dole gumba lipishane kati ya uzi wa tano na wa nne, kidole cha shahada kitafute wimbo juu. Nenda F, rudi C, nenda G. Sikiliza noti ya besi: ikiwa bado inavuma wakati noti ya wimbo inaingia, na kuifunika, gitaa hilo ni kubwa mno au fito zake zimelegea mno kwa kazi hii. Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, anasikika kama watu wawili kwa sababu kila sauti inabaki njia yake. Gitaa la FS, 0, 00 au 000 linakupa nafasi hiyo. Pima na upana wa shingo kwenye kokwa: milimita 43 ni ya kawaida, 44.5 inavipa vidole nafasi ya kuchagua nyuzi.

Ukiona gitaa la zamani lenye fito za ngazi, ubao wa juu wa mbao nzima na shingo iliyonyooka, lijaribu kabla ya kulikataa. Nyuzi za saizi ya 11, au hata 10, zinalitosha.

Nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni

Hili linavunja magitaa mengi mjini kwetu kuliko ajali. Kijana mmoja wa korali kule Katuba aliniletea gitaa lake la klasiki: "Yaya, gitare yangu iko inavimba tumbo." Alikuwa amefunga nyuzi za chuma ili asikike. Nilipochomeka karatasi nyuma ya daraja iliingia nusu ya upana wake, na ndani fito mbili za feni zilikuwa zimening'inia upande mmoja. Fito zilizoundwa kubeba kilo 40 zilikuwa zikibeba karibu mara mbili.

Namna ya kulitambua gitaa la nailoni: shingo pana, milimita 52 hivi kwenye kokwa, kichwa chenye matundu marefu mawili, na daraja ambalo nyuzi hufungwa fundo badala ya kuzuiwa kwa vijiti. Ukihitaji sauti zaidi, funga nailoni za mkazo mkubwa au weka maikrofoni mbele yake. Chuma, hapana.

Kulilinda kati ya kiangazi na mvua

Mbao za gitaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Lubumbashi haikai hapo. Kuanzia Mei hewa inakauka, na kufikia Septemba ubao wa mbao nzima umesinyaa: tumbo linazama, nyuzi zinakaribia freti na kuanza kukoroma, ncha za freti zinachoma kiganja. Mvua zikishika Novemba, kinyume chake, tumbo linapanda na nyuzi zinakaa juu. Watu wengi huchonga daraja Januari, kisha Septemba gitaa halichezeki tena. Usichonge chochote kabla ya kuona misimu yote miwili.

Wakati wa kiangazi weka ndani ya kasha kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, chenye sponji iliyolowa na kukamuliwa vizuri, isidondoshe tone. Iangalie kila siku tatu au nne. Kasha lifungwe muda wote usipopiga. Na mwezi wa Oktoba, joto linapofika kileleni, usiliache kamwe ndani ya gari huko Kasumbalesa ukisubiri karatasi za mpakani: gundi inalainika, na fito ndizo zinazoachia kwanza. Ukilazimika kuliacha, legeza nyuzi mizunguko miwili na ulilaze kwenye kivuli, kasha likiwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe.